Homoni Ikifika na Figo Isiitikie: Magonjwa ya Kurithi na Ukolezaji wa Mkojo

Utangulizi

Katika mteremko wa kaskazini-mashariki wa Mlima Kilimanjaro, pale Tarakea katika Wilaya ya Rombo, maji ni kitu cha kuhesabiwa. Mteremko wa kusini, kuanzia Machame hadi Marangu, hupata mvua nyingi zaidi, na wakulima wake tangu zamani wamechimba mifongo ya kuteremsha maji ya mito hadi mashambani. Rombo haikujaliwa mito mingi ya kudumu. Wakati wa kiangazi ndoo ya lita 20 hupangiwa kazi hata kabla haijafika nyumbani: kiasi cha kunywa, kiasi cha kupikia, kiasi cha mifugo, na maji yaliyooshea vyombo humwagiwa mgomba.

Mwili wa binadamu nao huyatunza maji kwa utaratibu kama huo. Siku ya kiu mkojo huwa mchache, wa rangi ya manjano iliyoiva. Siku ya maji tele huwa mwingi na mweupe kama maji ya mvua. Kazi hii hufanywa na figo kwa kufuata amri ya homoni moja itokayo kichwani.

Lakini wako watu ambao miili yao haiwezi kufanya akiba hiyo. Na ichukuliwe hali ya mwanafunzi wa bweni ambaye hunywa maji kuliko wenzake, huomba ruhusa ya kutoka nje karibu kila kipindi, huamka usiku mara tatu au nne, na mara nyingine hukojoa kitandani ijapokuwa amekwisha kuwa kijana. Aghalabu mwanafunzi wa namna hiyo huhesabiwa kuwa mtoro wa vipindi au asiye na nidhamu. Pengine huadhibiwa, pengine hukatazwa kunywa maji tangu jioni ili kitanda kisilowe. Makala haya yaeleza jinsi magonjwa fulani ya kurithi yanavyoiondolea figo uwezo wa kuitikia homoni yake, na kwa sababu gani kumnyima maji mtu mwenye hali hiyo ni kumtia hatarini.

Figo na hesabu ya maji

Kila figo ina mirija midogo ya kuchujia ipatayo milioni moja, iitwayo nefroni. Kwa siku moja figo mbili za mtu mzima huchuja kutoka katika damu majimaji yapatayo lita 180. Kama majimaji hayo yote yangetoka nje, sehemu ya majimaji ya damu ingekwisha kwa muda wa nusu saa tu. Kwa kawaida, hata hivyo, zaidi ya asilimia 99 hurudishwa mwilini, na mkojo utokao huwa lita moja hadi mbili.

Sehemu kubwa ya urudishaji huo hufanyika pasipo kungoja amri ya homoni inayozungumziwa hapa. Sehemu ya mwisho, ambayo haizidi lita 20 hivi kwa siku, ndiyo iliyoachwa chini ya amri yake. Sehemu hiyo ni ndogo ikilinganishwa na lita 180, lakini ni sawa na ndoo nzima. Na tofauti kati ya kuiokoa ndoo hiyo na kuimwaga ni tofauti kati ya uzima na mauti.

Ukolevu wa mkojo hupimwa kwa wingi wa chembechembe zilizoyeyuka ndani yake, kama vile chumvi na urea. Kipimo kinachotumika ni miliosmoli kwa kila kilo ya maji. Damu ya mtu mwenye afya haiendi mbali na 285 hadi 295. Mkojo wake, kinyume cha damu, hubadilika sana: akinywa maji mengi waweza kushuka hadi 50, akikaa na kiu waweza kupanda hadi 1,200, yaani mara nne ya ukolevu wa damu.

Maana ya tarakimu hizo huonekana kwa hesabu nyepesi. Na ichukuliwe kwamba mtu fulani hana budi kutoa taka zilizoyeyuka zenye jumla ya miliosmoli 600 kwa siku. Kiasi kidogo kabisa cha mkojo kitakachotosha kuzitoa hupatikana kwa kugawanya 600 kwa ukolevu wa juu kabisa ambao figo zake zaweza kuufikia:

Figo ifikayo 1,200: 600 ÷ 1,200 = lita 0.5 kwa siku.
Figo ifikayo 400: 600 ÷ 400 = lita 1.5 kwa siku.
Figo ifikayo 100: 600 ÷ 100 = lita 6 kwa siku.

Watu hao watatu wala chakula kimoja na kutoa taka zilizo sawa. Hata hivyo, wa pili hupoteza maji mara tatu ya wa kwanza, na wa tatu mara kumi na mbili. Tena jambo hili halitegemei kama maji ya kunywa yapo au hayapo: wa pili na wa tatu hawana njia ya kupunguza upotevu huo, hata kama kisima kimekauka.

Chumvi iliyopangwa kwa ngazi

Ili kufahamu namna figo inavyokoleza mkojo, yafaa kuitazama figo iliyopasuliwa katikati, hata kama ni ya mbuzi kutoka buchani. Kwa nje liko gamba, na kwa ndani iko sehemu ya rangi nyingine iitwayo medula. Majimaji yanayozunguka mirija katika gamba yana ukolevu sawa na wa damu. Kadiri mtu anavyoshuka ndani ya medula ukolevu huongezeka ngazi kwa ngazi: 400, 600, 900, hata kufikia 1,200 penye ncha ya ndani kabisa.

Ngazi hiyo hujengwa na kitanzi cha Henle, yaani sehemu ya nefroni inayoshuka ndani ya medula kisha ikapanda tena. Mkono unaopanda husukuma chumvi nje lakini haupitishi maji. Mkono unaoshuka hupitisha maji. Kwa kuwa majimaji katika mikono hiyo miwili hukimbia pande zilizo kinyume, tofauti ndogo ya kila hatua hujumlishwa hata ikawa kubwa. Urea nayo huongeza sehemu yake. Mishipa myembamba ya damu hushuka na kupanda sambamba na vitanzi hivyo, nayo damu hupita humo polepole ili isiizoe chumvi yote na kuondoka nayo.

Hatimaye mkojo unaotengenezwa huingia katika mirija ya kukusanyia, ambayo hupita katikati ya medula yote kuelekea kwenye kibofu. Mirija hii ndiyo penye uamuzi. Kuta zake zikipitisha maji, chumvi iliyo nje huyavuta maji kwa osmosisi na mkojo hukolea. Kuta zikizuia maji, mkojo hupita vivyo hivyo ulivyo, mwingi na mwepesi.

Kwa hiyo ukolezaji wa mkojo wahitaji mambo mawili kwa pamoja: chumvi nje ya mirija, ya kuyavuta maji, na milango katika kuta za mirija, ya kuyapitisha. Moja likikosekana, la pili halifai kitu.

Safari ya homoni

Mwenye kuifungua milango hiyo ni vasopresini, iitwayo pia homoni ya kuzuia mkojo. Ni kamba fupi ya asidi amino tisa tu. Mwanakemia Vincent du Vigneaud wa Marekani ndiye aliyetambua muundo wake na kuitengeneza katika maabara, naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1955 kwa uchunguzi uliohusu homoni za aina hiyo.

Vasopresini hutengenezwa katika haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, na kuhifadhiwa katika tundu la nyuma la tezi ya pituitari. Ukolevu wa damu ukipanda hata kwa asilimia moja au mbili, seli maalumu za ubongo hutambua. Mtu huona kiu, na papo hapo homoni humwagwa katika damu.

Ifikapo kwenye figo, homoni haiingii ndani ya seli za mirija ya kukusanyia. Hugota nje, kama mgeni apigaye hodi. Juu ya utando wa seli, upande uelekeao damu, kuna protini iitwayo kipokezi cha V2, ambayo umbo lake laambatana na homoni kama kufuli na ufunguo. Kipokezi kikiguswa, ndani ya seli hutengenezwa kemikali iitwayo AMP ya duara, nayo huipeleka habari mbele. Mmarekani Earl Sutherland alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971 kwa kueleza namna homoni zinavyofanya kazi kwa njia ya wajumbe wa ndani wa aina hii.

Ndani ya seli kumewekwa vifuko vidogo vyenye protini nyingine, akwaporini ya pili. Habari ikiwafikia, vifuko hivyo husogea hadi kwenye utando unaoelekea mkojo na kuungana nao, na akwaporini husimama humo kama milango. Kila mlango hupitisha maji peke yake na kuzuia chumvi. Mwenye kugundua milango ya maji ya seli alikuwa Peter Agre wa Marekani, ambaye alitangaza kazi yake mwaka 1992 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Kiu ikiisha homoni hupungua, na milango huondolewa ukutani na kurudishwa ndani.

Mahali patatu pa kuharibika

Mtu akitoa mkojo mwingi na mwepesi, kosa laweza kuwa katika mahali pamojawapo kati ya patatu: homoni haikutumwa, homoni imefika lakini seli haikuitikia, au seli imeitikia na milango imefunguka, lakini chumvi ya kuyavuta maji haipo.

Mfano wa kwanza waonekana katika vilabu vya mbege. Pombe huizuia pituitari isitoe vasopresini. Ndiyo sababu mnywaji hutoka nje mara kwa mara, na asubuhi huamka na kiu kali ijapokuwa usiku kucha alikuwa akinywa. Kwake yeye figo ni nzima. Amri tu ndiyo haikufika. Kwa wagonjwa wachache hali hiyo hudumu, kwa sababu haipothalamasi au pituitari imeumia. Hao hutibiwa vizuri kwa desmopresini, dawa iliyotengenezwa kwa mfano wa homoni yenyewe.

Sehemu ya pili na ya tatu ni za namna nyingine. Homoni imo katika damu, pengine kwa wingi kuliko kawaida, lakini figo haitii. Hapo kumwongezea mgonjwa homoni ni kama kuongeza sauti kwa mtu asiyesikia. Magonjwa ya kurithi hupatikana katika sehemu zote mbili.

Seli isiyoitikia

Ugonjwa wa seli kutoitikia vasopresini huitwa daibetesi insipidasi ya figo. Hauhusiani na kisukari cha kawaida, kwa maana mkojo wake hauna sukari. Kwa wagonjwa wapatao tisa kati ya kumi waliourithi, kosa limo katika jeni ya kipokezi cha V2, iliyotambuliwa mwaka 1992. Jeni hiyo imo katika kromosomu ya X. Kwa waliobaki, kosa limo hasa katika jeni ya akwaporini ya pili, iliyo katika kromosomu ya 12. Kwa wale wa kwanza hodi haisikiki. Kwa hawa hodi husikika lakini mlango wenyewe ni mbovu.

Ugonjwa huu ni wa nadra sana, lakini ni mkali. Mkojo wa mgonjwa aghalabu hubaki karibu na ukolevu wa 100, na mtu mzima aweza kutoa lita 10 au zaidi kwa siku, yaani nusu ya ndoo. Dalili huanza katika majuma ya kwanza ya maisha. Mtoto huwa na homa isiyoelezeka, hutapika, hufunga choo wala hakui ipasavyo, na hunyonya kwa pupa. Kwa kuwa hawezi kusema kwamba ana kiu, damu yake yaweza kukolea chumvi kiasi cha kuudhuru ubongo. Wengi walioharibikiwa akili kwa ugonjwa huu zamani wangeokolewa kwa maji ya kutosha.

Matibabu huanza na maji wakati wote, na chakula chenye chumvi kidogo, ili taka za kutolewa zipungue. Waganga huongeza dawa za thiazaidi, ambazo kwa watu wengine huongeza mkojo. Jambo hili laonekana kuwa kinyume, lakini lina sababu. Dawa hizo hupunguza kidogo chumvi ya mwili; nao mwili, kwa kujihami, hurudisha chumvi na maji zaidi katika sehemu za mwanzo za nefroni, kabla mkojo haujafika penye milango iliyoharibika.

Selimundu: chumvi isiyotosha

Ugonjwa wa tatu si wa nadra hata kidogo katika Afrika ya Mashariki. Ni selimundu, ambao watu wengi huujua kwa jina la sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao; hukadiriwa kuwa wapatao 11,000 au zaidi kila mwaka. Katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, Profesa Julie Makani na wenzake wamefuatilia maelfu ya wagonjwa katika mpango ulioanza mwaka 2004.

Kosa la selimundu ni dogo mno kwa kipimo cha kemia. Katika kamba ya beta ya himoglobini, mahali pa sita, asidi ya glutamiki imebadilishwa na valini. Himoglobini ya namna hiyo ikikosa oksijeni hushikana na kuwa nyuzi ngumu, na seli nyekundu ya damu hupindika kama mundu. Wengi huujua ugonjwa huu kwa upungufu wa damu na maumivu makali ya mifupa. Habari zake juu ya figo hazisemwi sana, ijapokuwa ni za tangu mwanzo. James Herrick wa Chicago, alipoueleza ugonjwa huu kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1910, aliandika kwamba mkojo wa mgonjwa wake, kijana aliyetoka Grenada, ulikuwa mwingi na mwepesi.

Sababu yake ni mahali. Hakuna sehemu ya mwili inayoiudhi himoglobini hii kuliko medula ya figo. Oksijeni humo ni haba. Asidi ni nyingi. Damu hupita polepole. Na ile chumvi iliyopangwa kwa ngazi huyavuta maji kutoka ndani ya seli nyekundu, hata himoglobini ikasongamana. Mambo hayo yote manne husaidia seli kupindika. Yale yale yaliyotengenezwa ili kuokoa maji ndiyo yanayoziharibu seli za damu ya mgonjwa.

Seli zilizopindika huziba mishipa myembamba ya medula. Polepole mishipa hiyo hufa, na vitanzi virefu vya Henle vilivyokuwa vikilishwa nayo huharibika pia. Ngazi ya chumvi huporomoka. Vasopresini hutolewa kama kawaida, kipokezi huitikia, na milango hufunguka. Lakini nje ya milango hakuna nguvu ya kutosha ya kuyavuta maji. Mkojo wa mwenye selimundu aghalabu haupiti ukolevu wa 400 hadi 450, hata akae na kiu namna gani. Yeye ndiye mtu wa pili katika hesabu ya hapo juu.

Uharibifu huu huanza utotoni. Kwa watoto wadogo, kuongezewa damu ya mtu mwenye afya huweza kuurudisha uwezo wa kukoleza mkojo kwa kitambo, na hilo lathibitisha kwamba kosa la kwanza ni la damu. Kwa vijana na watu wazima haurudi tena, kwa kuwa vitanzi vimekwisha kupotea. Wabebaji nao, yaani watu wenye jeni moja tu ya selimundu, huweza kupungukiwa na uwezo huo kwa kiasi fulani kadiri umri unavyosonga, ijapokuwa kwa kawaida huishi maisha ya afya.

Ubaya wa hali hii hauishii kwenye kukojoa. Maji yakipungua mwilini, himoglobini ndani ya seli husongamana zaidi, seli hupindika kwa wingi, na maumivu makali huanza. Kwa hiyo ugonjwa huu humnyang'anya mtu akiba ya maji, kisha humwadhibu kwa kukosa akiba hiyo.

Selimundu na watu wa milimani

Msomaji wa Tarakea aweza kuuliza kama jambo hili lamhusu. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusomea udaktari Oxford, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya. Aliona kwamba jeni ya selimundu ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, ambako katika baadhi ya jamii ilizidi asilimia 20 ya watu, na ni haba sana katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alitoa ushahidi kwamba wabebaji wa jeni hiyo hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Palipo na malaria nyingi jeni hii iliwafaa wabebaji na ikadumu. Milimani, ambako mbu ni wachache, haikuwa na faida hiyo.

Lakini watu hawakai mahali pamoja. Wenyeji wa miteremko ya Kilimanjaro wameoana na watu wa Taveta, Tanga, Mwanza na Dar es Salaam. Na shule za bweni hukusanya wanafunzi kutoka kila mkoa. Tena, mahali ambapo ugonjwa ulikuwa haba zamani ndipo unapoweza kusahauliwa kwa urahisi, kwa kuwa mwalimu na mlezi wa bweni hawakuuzoea.

Namna hali hizi zinavyorithiwa

Selimundu hufuata kanuni ya Mendel kwa jeni iliyo katika kromosomu ya 11. Jeni ya kawaida ikiitwa A na ya selimundu S, wazazi wawili wabebaji, AS na AS, waweza kupata katika kila uzazi mtoto AA kwa uwezekano wa robo, AS kwa nusu, na SS mwenye ugonjwa kwa robo. Wazazi wote wawili waweza kuwa wazima kabisa na wasijue lolote. Kwa hiyo kumlaumu mama peke yake, kama ifanywavyo na baadhi ya watu, hakuna msingi katika sayansi.

Daibetesi insipidasi ya kipokezi cha V2 hufuata njia nyingine, kwa kuwa jeni yake imo katika kromosomu ya X. Mama mbebaji akizaa na baba mwenye afya, kila mtoto wa kiume ana uwezekano wa nusu kuwa mgonjwa, na kila mtoto wa kike ana uwezekano wa nusu kuwa mbebaji. Ndiyo maana wagonjwa wengi ni wavulana.

Jaribio la darasani

Jaribio hili lahitaji kiazi mviringo kimoja, chumvi, mafuta ya mgando na bakuli tatu. Kata vipande vitatu vyembamba vilivyo sawa.

Kipande cha kwanza kiwekwe katika maji yaliyotiwa chumvi nyingi. Kipande cha pili kipakwe mafuta ya mgando pande zote pasipo kubakiza nafasi, kisha kiwekwe katika maji yenye chumvi nyingi vilevile. Kipande cha tatu, kisichopakwa kitu, kiwekwe katika maji yenye chumvi chembe tu. Baada ya saa moja au mbili, vipande vitolewe na kukunjwa taratibu kwa vidole.

Cha kwanza kitakuwa kimelegea, kwa kuwa chumvi imeyavuta maji yake. Hii ndiyo figo yenye afya. Cha pili kitabaki kigumu kuliko cha kwanza, kwa kuwa chumvi ipo lakini njia ya maji imezibwa. Hii ni daibetesi insipidasi ya figo. Cha tatu nacho kitabaki kigumu, kwa kuwa njia ipo lakini chumvi haitoshi. Hii ni selimundu. Matokeo ya cha pili na cha tatu yafanana kwa nje, na sababu zake ni mbili tofauti.

Iangaliwe sana kwamba jaribio la kumkalisha mtu bila maji ili kupima mkojo wake lisifanywe shuleni kamwe. Hilo ni la hospitali, mbele ya mganga, na kwa mgonjwa laweza kuua.

Yampasayo mwalimu

Mwalimu hawezi, wala hatakiwi, kuutambua ugonjwa kwa macho. Mkojo mwingi una sababu nyingi, na kisukari cha kawaida hutakiwa kutazamwa kwanza kwa kipimo cha sukari. Kukojoa kitandani pia kuna sababu nyingi. Lakini mwanafunzi mwenye kiu isiyokoma na mkojo mwingi usiku na mchana apelekwe kituo cha afya, na ikibidi hospitali ya wilaya au hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Vipimo vya damu na mkojo vitaonyesha kosa liko wapi.

Wakati wa kungoja majibu, na baada yake, mambo yafuatayo hayagharimu kitu. Mwanafunzi aruhusiwe kuweka chupa ya maji mezani na kutoka nje pasipo kuulizwa mbele ya wenzake. Siku za michezo, za safari, na za kupanda mlima, maji yake yahesabiwe kwanza. Kiangazi kikibana na maji ya bweni yakigawiwa kwa kipimo, ifahamike kwamba mgao ulio sawa kwa wote haumtoshi yeye. Usiku asikatazwe kunywa, na kitanda kikilowa asichapwe. Kiboko hakifungui mlango wa akwaporini wala hakirudishi chumvi ya medula.

Rombo yajua kwamba nyumba isiyo na tangi huhitaji ndoo nyingi zaidi, wala hakuna anayeilaumu kwa kupenda maji. Mwanafunzi ambaye figo zake haziwezi kuweka akiba astahili kutazamwa vivyo hivyo.

Maswali ya mazoezi

1. Mwanafunzi mwenye selimundu hutoa taka zenye miliosmoli 720 kwa siku, na mkojo wake hauwezi kupita ukolevu wa 400. Tafuta kiasi kidogo kabisa cha mkojo atakachotoa kwa siku. Linganisha na mwenzake ambaye figo zake hufika 1,200.

2. Eleza kwa nini desmopresini humsaidia mgonjwa ambaye pituitari yake imeumia, lakini haimsaidii mwenye kipokezi kibovu cha V2.

3. Mgonjwa mwenye selimundu ana vasopresini ya kutosha, kipokezi kizima na akwaporini nzima. Kwa nini basi mkojo wake haukolei?

4. Baba mwenye daibetesi insipidasi ya kipokezi cha V2 amezaa na mama asiye na jeni hiyo. Je, wana wao wa kiume watakuwa wagonjwa? Na binti zao? Toa sababu.

5. Kwa nini kupunguza chumvi katika chakula hupunguza mkojo wa mtu ambaye figo zake haziwezi kukoleza? Tumia hesabu iliyotolewa katika makala haya.